Jumba la El Jem: uwanja wa Warumi uliojengwa kwa pesa ya mafuta ya zeituni, hapa hapa Afrika (uzi mrefu)

#1 – Mleta uzi

Wakuu habari za jioni.

Kila ikitajwa michezo ya Warumi, watu wanaitaja Koloseo ya Roma na kuishia hapo. Mimi leo nawapeleka El Jem, Tunisia. Ni mji mdogo tu, lakini katikati yake limesimama jumba ambalo ukiliona mara moja hutalisahau mpaka unaingia kaburini.

Niliona mara ya kwanza kupitia dirisha la treni. Nilikuwa Sousse kwa mafunzo ya kazi, siku ya mapumziko nikapanda treni ya kuelekea Sfax. Njia nzima ni tambarare, mizeituni kushoto na kulia, imepandwa kwa mistari na kila mti umeachiwa nafasi kubwa kwa sababu mvua ya huko ni haba. Baada ya muda nikaona mbele kitu kama kilima. Nikasema moyoni, afadhali hata kilima kimetokea. Treni ilipokaribia nikagundua kilima kile kina matao, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyumba za mji zinaishia chini kabisa, hazifiki hata kiunoni mwake.

Vipimo vyake ni hivi: urefu mita 148, upana mita 122, kwenda juu takriban mita 36. Uwanja mzima wa mpira unaenea ndani ya mzingo wake. Waliokadiria viti wanasema watu hadi 35,000. Uwanja wenyewe wa katikati, pale palipomwagika damu, ni mita 65 kwa 39. Nguvu ya mjenzi imejionyesha kwenye jambo hili: kawaida mji wa Kirumi ukitaka kupunguza gharama unaegemeza viti kwenye mteremko wa kilima. Hapa hapakuwa na mteremko wa kuegemeza jumba kubwa kama hili. Kwa hiyo wamelisimamisha lote kutoka ardhini, juu ya matao, kwa mawe ya kuchonga yaliyokokotwa kutoka machimbo ya Salakta, pwani, kiasi cha kilomita 30.

Enzi hizo mji uliitwa Thysdrus. Hapo ndipo hadithi inaponigusa. Mwaka 46 KK Yulio Kaisari alipowashinda wapinzani wake vitani Thapsus, pwani hiyo hiyo, alipita akizitoza faini zile jamii zilizomuunga mkono adui. Mji wa Leptis ukaambiwa utoe ratili milioni 3 za mafuta ya zeituni kila mwaka. Thysdrus? Mwandishi wa vita vile anasema walitozwa kiasi cha nafaka tu, *kwa sababu ya unyonge wa mji wao*. Yaani walionekana hawana cha kukamuliwa.

Baada ya chini ya miaka 300, mji ule ule mnyonge ukajenga hili jumba. Wanahistoria wanaliweka nusu ya kwanza ya karne ya tatu BK, karibu na mwaka 238.

Katikati hapo kulitokea nini? Zeituni. Roma ilikuwa na njaa isiyoisha ya mafuta: ya kula, ya taa, ya kujipaka bafuni. Na mzeituni ukishapandwa unakaa miaka kadhaa bila kukupa chochote, kwa hiyo maskini hawezi kuungoja. Kuna sheria zilizochongwa kwenye mawe, zimeokotwa kaskazini mwa Tunisia, zinazosema aliyepanda mizeituni kwenye ardhi isiyolimwa hatatoa fungu la mavuno kwa mwenye ardhi mpaka yapite mavuno 10. Mimi nimezaliwa kwenye familia ya wakulima wa mazao ya kudumu, najua uzito wa sheria kama hiyo. Ni kumwambia mkulima: vumilia, hatutakula jasho lako kabla mti haujashika.

Barabara za eneo lile zilikutana Thysdrus. Mafuta yakashuka Salakta, yakatiwa kwenye mitungi mirefu ya udongo iliyofinyangwa pale pale, yakavuka bahari. Wenye meli wa Salakta walikuwa na ofisi yao Ostia, bandari ya Roma, na jina lao lipo sakafuni hadi leo.

Nitaendelea, karibuni maswali.

#2

Mkuu tupo, leo umeshusha madini. Swali langu: pesa ilitoka serikali kuu ya Roma au kwa wenyeji? Maana jengo la namna hiyo kwa mji mdogo si mchezo.

#3 – Mleta uzi

Mkuu swali zuri sana. Ule utaratibu ulikuwa tofauti na wetu. Roma haikuwa na wizara ya kujengea mikoa viwanja. Mji ulijijenga wenyewe kwa mfuko wa matajiri wake, na tajiri aliyetaka heshima au cheo cha kuongoza mji alitegemewa atoe: leo bafu, kesho hekalu, keshokutwa michezo.

Acha niwape mfano uliopatikana jirani, kijiji cha Smirat, na leo upo makumbusho ya Sousse. Ni mozaiki, picha ya sakafu iliyopangwa kwa vijiwe vidogo vya rangi. Nilisimama mbele yake mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama.

Kulikuwa na tajiri mmoja aitwaye Magerius. Aligharamia maonyesho ya kuua chui. Chui walikuwa wanne na kila mmoja ana jina lake: Victor, Crispinus, Romanus na Luxurius. Wawindaji nao wanne: Spittara, Bullarius, Hilarinus, Mamertinus. Wote wa chama kimoja kilichoitwa Telegenii. Spittara amechorwa amesimama juu ya mirongonjo akimchoma chui mkuki.

Katikati ya picha amesimama kijana amebeba sinia, juu yake mifuko minne ya pesa. Pembeni yake yameandikwa maneno yote yaliyosemwa siku ile. Mshereheshaji anaomba kwa niaba ya wawindaji: mabwana zangu, ili Telegenii wapate ujira wa fadhila zenu, wapeni dinari 500 kwa kila chui. Halafu umati unalipuka. Wanamsifu Magerius, wanasema waliokuja baada yake wajifunze kwake, waliomtangulia wasikie. Wanashangilia kwamba ametoa kwa mali yake mwenyewe. Na mwisho kabisa, wakuu, maneno haya:

*Hoc est habere, hoc est posse.* Huku ndiko kuwa nacho! Huku ndiko kuweza!

Sasa angalieni ile mifuko. Waliomba dinari 500, lakini kila mfuko una alama ya 1,000. Alilipa mara mbili. Jumla dinari 4,000 kwa asubuhi moja. Kisha akaenda nyumbani akaamuru kelele zile zote zipangwe kwa vijiwe sakafuni kwake, ili kila mgeni azisome.

Mtu aliyewahi kuhudhuria harambee au mchango wa harusi ataielewa ile sakafu bila kufundishwa. Umati una nguvu zake. Ukishashangiliwa hivyo mbele ya mji mzima huwezi kutoa 500.

#4

Kaka nimesoma mara mbili. Ila mbona hutaji gladiata, wale waliopigana wao kwa wao uwanjani? Na hao chui na simba walitoka wapi, walichukuliwa huku kwetu Afrika Mashariki?

#5 – Mleta uzi

Gladiata walikuwepo sehemu nyingi za dola, lakini ukiangalia mozaiki za Afrika ya Kirumi, picha zinazojirudia ni za wawindaji na wanyama. Huku ndiko wanyama walikopatikana. Afrika Kaskazini ya wakati huo ilikuwa na simba wake, chui, dubu wa milima ya Atlas, mbuni, punda mwitu. Wengine walipakiwa melini kupelekwa Roma, wengine walibaki kuliwa na viwanja vya nyumbani. Simba wale wa kaskazini leo hawapo tena porini.

Kuhusu kwetu: kuna kitabu cha mwongozo wa mabaharia cha karne ya kwanza kinachoitaja pwani yetu kwa jina la Azania, na mji wa biashara wa Rhapta. Kinataja pembe za ndovu, pembe za faru, magamba ya kasa. Wanyama hai hakiwataji kama bidhaa ya huku. Kwa hiyo tusijivike kilemba kisicho chetu.

Turudi kwa wawindaji. Hawa hawakuwa watu wa kubahatisha. Walikuwa na vyama: Telegenii niliowataja, wapo Pentasii, Sinematii, Taurisci, na wengine. Kila chama na alama yake na namba yake. Telegenii alama yao ni mwezi mwandamo juu ya fimbo, namba yao 3. Alama hizi zinaonekana sakafuni, kwenye vyombo, kwenye taa. Mashabiki walikuwa na vyama vyao kama sisi na timu zetu za Kariakoo, na nasema hivyo kwa sababu vyama hivyo vilifanya pia biashara na kusaidiana, havikuishia kwenye mchezo.

Kuna mozaiki moja imetoka El Jem yenyewe, sasa ipo makumbusho ya Bardo, Tunis. Wanaume watano wamekaa meza ya nusu duara wanakunywa. Mbele yao ng'ombe dume watano wamelala. Juu ya vichwa vya wale walevi yameandikwa wanayosema: tutavua nguo sasa! tumekuja kunywa! mmeanza kuongea sana! Na mhudumu anawaambia kwa kuwatuliza: *Kimya, acheni mafahali walale.*

Kesho yake mafahali wale na watu wale walikuwa wakutane uwanjani. Ndivyo ninavyoisoma mimi picha ile, na ndiyo maana hainitoki kichwani. Miaka 1,700 na zaidi, bado unawasikia.

#6

Shikamooni wote. Mimi ni Mkatoliki, jina la ubatizo la bibi yangu ni Perpetua. Padre alituambia huyo mtakatifu aliuawa Afrika na wanyama wakali. Ilikuwa kwenye jumba hilo?

#7 – Mleta uzi

Marahaba dada. Hapana, ilikuwa Karthago, kaskazini zaidi, karibu na Tunis ya leo, tarehe 7 Machi 203. Ila ni mkoa ule ule na umati wa aina ile ile, kwa hiyo umeleta jambo lililo mahali pake.

Vibia Perpetua alikuwa na miaka kama 22, mtoto wa familia yenye hadhi, ana mtoto mchanga anayenyonya. Felisita alikuwa mtumwa, mjamzito, na sheria ilikataza kumwua mwenye mimba. Akajifungulia gerezani siku chache kabla, mtoto wa kike. Waliachiliwa ng'ombe jike mkali. Mwenzao Saturus aling'atwa na chui. Mwisho Perpetua alimalizwa kwa upanga, na kijana aliyepewa kazi ile mkono ulimtetemeka mpaka Perpetua mwenyewe akauongoza shingoni mwake.

Kilichobaki cha pekee ni kwamba Perpetua aliandika kwa mkono wake akiwa gerezani: kuhusu baba yake aliyekuja kumlilia aikane imani, kuhusu giza la gereza, kuhusu maziwa na mtoto. Magerius ametuachia sauti ya aliyelipa. Perpetua ametuachia sauti ya aliyesimama chini kwenye mchanga. Na huku kwetu wanawake wangapi wanaitwa Perpetua na Felista! Majina yale yamesafiri kutoka kwenye uwanja ule.

#8

Sasa mleta uzi ndiyo unanichanganya. Umetoka kutusifia jengo, halafu unatuambia watu walikuwa wanararuliwa humo. Kwa nini tulitukuze? Ni machinjio tu yenye matao.

#9 – Mleta uzi

Ndugu, hoja yako naichukua kwa uzito. Nilipoingia humo ndani nilishuka chini ya uwanja. Kuna njia mbili za chini kwa chini zinazokatana, na pembeni vyumba vidogo walimofungiwa wanyama, na pengine watu. Juu kuna uwazi walipopandishiwa. Nilisimama kwenye kile chumba nikatazama mwanga unaoingia kwa juu, na kusema kweli nilishindwa kupiga picha. Waliopandishwa kupitia pale wengi hawakurudi. Sitawaambia watu wasahau hilo.

Lakini siwezi kukubali liitwe machinjio *tu*. Mikono iliyochonga yale mawe ilikuwa ya watu wa nchi ile. Waliolima zeituni zilizolipa ujira walikuwa Waberberi (wenyeji wa asili wa Afrika Kaskazini), watu wa asili ya Karthago, na wahamiaji waliochanganyika nao. Tukilikataa tunakuwa tumewafukuza mara ya pili. Hata hili jina Afrika tunalojiitia lilikuwa kwanza jina la mkoa ule, ndipo likapanuka likafunika bara zima.

Tena kuna jambo sijafika, lililotokea Thysdrus mwaka 238. Nivumilieni.

Kaisari, yaani mtawala mkuu wa Roma, wa wakati huo alikuwa Maximinus, mwanajeshi wa Thrace aliyeshika dola mwaka 235. Vita vyake vilikula pesa. Afrika alikuwepo ofisa wa hazina aliyetaka kumpendeza, akawa anawahukumu matajiri kwa makosa ya kusingiziwa na kuwanyang'anya mali. Mwanahistoria Herodian anasimulia kwamba vijana wa familia zenye mashamba waliamriwa kulipa fedha ambazo zingewaacha bila urithi wa baba zao. Wakaomba siku tatu. Ndani ya siku zile wakatuma ujumbe mashambani: wafanyakazi waje mjini usiku, na mashoka na marungu chini ya nguo. Asubuhi wakaenda kwa yule ofisa kama wanaokwenda kulipa. Wakamchoma majambia.

Sasa wameua mtumishi wa Kaisari, nyuma hakurudiki. Ndipo wakamkimbilia gavana wa mkoa, Gordian, mzee wa karibu miaka 80, aliyekuwa hapo hapo Thysdrus. Walimkuta amepumzika kitandani mchana. Wakamvika vazi la zambarau la Ukaisari, mzee akajitupa chini akiwasihi wamwache. Mmoja wao, upanga mkononi, akampa machaguo mawili: ukubali uwe Kaisari leo tukabiliane na hatari pamoja, au ufe sasa hivi. Akakubali.

Yaani Kaisari wa Roma alitawazwa katikati ya mashamba ya zeituni, na wakulima wenye mashoka. Akahamia Karthago, akamfanya mwanawe mtawala mwenza, na Seneti ya Roma ikawatambua. Furaha haikumaliza mwezi. Capelianus, gavana wa Numidia, mkoa jirani, mwenye uhasama na Gordian, alikuja na jeshi la kweli, Legioni ya Tatu Augusta. Watu wa Karthago walitoka na visu, mashoka na mikuki ya kuwindia. Kijana Gordian alikufa vitani. Mzee aliposikia akajinyonga. Takriban wiki tatu tu za utawala. Capelianus akapita miji na vijiji akiua na kuacha askari wapore.

Mwaka ule Roma ilikuwa na makaisari sita, na aliyebaki mwisho ni mjukuu wa yule mzee, Gordian wa Tatu, mwenye miaka 13. Aliivunja ile legioni.

Wasomi wengi wanaamini jumba la El Jem halikukamilika, na wanahusisha kusimama kwa kazi na misukosuko hiyo. Nilipozunguka nje nikakuta baadhi ya mawe hayakumaliziwa kuchongwa, niligusa moja kwa muda. Mimi nadhani fundi wake aliitwa shambani akachukue shoka. Hilo ni wazo langu.

#10

Mkuu hapa nimesisimka. Sasa ilikuwaje likabaki zima wakati majengo mengine yamekwisha? Na huo ukuta upande mmoja mbona kwenye picha umebomoka?

#11 – Mleta uzi

Lilibaki kwa sababu liligeuka ngome. Dola ya Roma ilipodhoofika watu walijificha humo kila adui alipokuja. Simulizi la wenyeji linasema Kahina, malkia wa Waberberi aliyepigana na majeshi ya Waarabu mwishoni mwa karne ya saba, alijifungia humo, na kwamba ilikuwepo njia ya chini mpaka baharini Salakta, akawa anawatupia waliomzingira samaki wabichi kuwaonyesha hana njaa. Ni ngano, lakini jumba kwa karne nyingi liliitwa kasri la Kahina.

Mawe mengi yalichukuliwa kujengea mji unaolizunguka, na mengine, inasemwa, yalifika Msikiti Mkuu wa Kairouan. Lile pengo unaloliona lilitobolewa mwaka 1695. Ndugu wawili wa ukoo wa watawala wa Tunis walikuwa wanagombea madaraka, wafuasi wa mmoja wakajifungia humo, mwenzake Mohamed Bey akaupasua ukuta ili pasiwe tena na pa kujifungia. Karibu na mwaka 1850 pengo likapanuliwa hadi kama mita 30. Baadaye watu waliweka maduka na maghala ya nafaka chini ya matao. Mwaka 1979 UNESCO ikaliingiza kwenye urithi wa dunia, na tangu 1985 kila majira ya joto hufanyika humo tamasha la muziki wa okestra, usiku, kwa mishumaa na taa.

Ndugu wa #8, hili lilinituliza kidogo: ile sauti iliyotengenezwa ili mayowe yafike kiti cha juu kabisa, sasa inabeba filimbi.

#12

Nipo Tunis kikazi mpaka mwezi ujao. Nielekeze namna ya kufika.

#13 – Mleta uzi

Panda treni ya Tunis kwenda Sfax inayopitia Sousse, shuka stesheni ya El Jem. Ukitoka nje huhitaji kuuliza, utaliona. Ni mwendo mfupi wa miguu. Nenda asubuhi, jiwe lile lina rangi ya asali jua likiwa chini, na joto la mchana huko ni kali. Panda mpaka juu kabisa, kisha ushuke chini kwenye vyumba. Usiishie hapo: ng'ambo ya barabara ya kusini yapo mabaki ya amfitheatro (viwanja vya aina hii) mbili za zamani zaidi, moja juu ya nyingine. Ya kwanza ilichongwa tu kwenye kilima kidogo cha mwamba laini, na hapo ndipo utaona walianzia wapi.

Na tiketi usiitupe, inakuingiza pia kwenye makumbusho ya mji. Tafuta nyumba ya Kirumi iliyojengwa upya huko ndani. Sakafuni yupo mwanamke aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga na pembe zikiwa juu ya paji lake la uso. Jina lake ni Afrika. Mpe salamu zangu.